"Niuze Kiwanja Ukajifunze Kuvuta Pazia?"

SWALI hilo lilitolewa kibarazani, Kibokoni, baada ya swala ya Isha, na aliyelitoa ni mzee ambaye kwa kawaida hana maneno mengi. Bintiye wa pili amemaliza sekondari na alama zake si haba. Sasa anataka kwenda chuoni. Hataki uhasibu, hataki uuguzi, wala ualimu haumvutii. Anataka kusomea usimamizi wa jukwaa la michezo ya kuigiza.

"Yaani," akasema mzee huku akiweka kikombe chake cha kahawa chini, "niuze kiwanja cha Mtwapa, mtoto akajifunze kuvuta pazia?"

Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka, na baadaye nikaona haya, kwani binti mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango akisikia kila neno. Kesho yake alasiri akanijia pamoja na mamake, mkononi ana bahasha iliyojaa karatasi za vyuo.

"Ami," akaniambia, "wewe ndiye uandikaye gazetini habari za michezo. Nambie basi, nichague chuo gani? Na baba nimjibu nini?"

Maswali hayo mawili yamenikosesha usingizi siku kadhaa. Nayaleta hapa kwa kuwa najua si nyumba ile peke yake yenye kijana wa namna hii. Kila mwaka shule zetu hupeleka michezo kwenye mashindano ya kitaifa ya drama, na kila shule ina mtoto mmoja asiyepanda jukwaani. Kazi yake ni kuwajua wote waliopanda, kujua nguo ya nani iko wapi, kujua ngoma ianze lini na ikome lini. Wakati wa kupiga picha mtoto huyo husahauliwa. Binti huyu ndiye alikuwa mtoto huyo kwa miaka minne.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mzee si yeye peke yake asiyeijua.

Mwongozaji wa mchezo ndiye afikiriaye mchezo uwe vipi. Msimamizi wa jukwaa ndiye ahakikishaye kwamba unakuwa hivyo, leo, kesho na mtondo. Tangu siku ya kwanza ya mazoezi huwa amekishika kitabu cha mchezo. Ukurasa mmoja una maneno ya waigizaji. Ukurasa wa pili ameandika mwenyewe kila hatua: nani aingia kwa mlango upi, nani aketi, taa ipi ififie na ni neno gani likitamkwa. Hubandika utepe wa rangi sakafuni kuonyesha kuta na milango ya nyumba ambayo seremala bado hajaijenga, ili waigizaji wasizoee kupita ukutani kama majini. Kikombe kikihitajika mezani katika sehemu ya pili, ni yeye na wasaidizi wake watakaojua kiko wapi, kina chai au ni kitupu.

Usiku wa onyesho hukaa kwenye meza yake pembeni mwa jukwaa, kifaa cha kusikilizia kichwani, na hapana taa iwakayo wala sauti isikikayo bila ya ruhusa yake. Kwanza huwaambia mafundi wakae tayari. Halafu hutamka neno moja fupi la kuwaambia "nenda". Neno hilo lina mwiko wake. Halisemwi ovyo kwenye mtambo, hata kwa mzaha, kwa sababu fundi akilisikia mkono wake huenda wenyewe, na giza likaingia jukwaani hali bwana harusi bado yuko mezani anakula.

Waingereza wana hesabu yao ya saa ambayo mgeni huiona kama kichekesho. Mchezo ukianza saa 1:30 usiku, mwito wanaouita "nusu saa" hutolewa saa 12:55, yaani dakika 35 kabla. Mwito wa "robo" hutolewa zikiwa zimebaki dakika 20, na wa "dakika tano" zikiwa zimebaki 10. Sababu ni kwamba wao hawahesabu mpaka pazia lifunguke. Huhesabu mpaka waigizaji wa mwanzo wawe wamesimama mahali pao, na hao yapasa wawe tayari dakika 5 kabla. Nawajua mabwana wengi wapangao shughuli zetu za harusi ambao wangefaa kupelekwa huko wiki moja tu.

Jambo jingine: mchezo ukishafunguliwa, mwongozaji huondoka akatafute kazi nyingine. Anayebaki na mchezo ni msimamizi wa jukwaa. Pale London mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza mwaka 1952 na unaendelea mpaka leo. Ulisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ukarudi 2021. Waigizaji wamebadilika mara nyingi mno, na wako watazamaji walioletwa na babu zao. Kitu kinachoufanya mchezo uwe ni ule ule ni kitabu kile na mtu aliyekishika.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kuielewa kazi hii upesi kuliko wengine. Katika majumba ya zamani ya Ulaya mandhari ya jukwaani yalipandishwa na kushushwa kwa kamba na roda, na husemwa kwamba waliozivuta kamba hizo walikuwa mabaharia, wakipeana ishara kwa mbinja. Ndiyo maana hata leo ni mwiko kupiga mbinja ndani ya jumba la michezo: huenda mtu akakushushia boriti kichwani. Hadithi hiyo iwe ya kweli au ya kupambwa, sura yake ni ya jahazini. Nahodha hashiki kila kamba kwa mkono wake, ila hapana kamba ilegezwayo asijue.

Pazia

Sasa nirudi kwenye pazia la mzee.

Tarehe 30 Desemba 1903, mjini Chicago, jumba jipya liitwalo Iroquois lilijaa wanawake na watoto waliokuja kutazama mchezo wa mchana wakati wa likizo. Taa moja ikatoa cheche, kitambaa cha mandhari kikashika moto. Pazia la kuzuia moto likashushwa, likakwama njiani. Milango mingi ilikuwa imefungwa, na mingine hawakujua namna ya kuifungua. Wakafa watu 602. Miaka 16 kabla ya hapo, mwaka 1887, jumba la Exeter kule Uingereza lilikuwa limeungua vivyo hivyo na kuua watu 186.

Baada ya misiba hiyo sheria zikakazwa. Katika majumba makubwa ya Uingereza kuna pazia la chuma kati ya jukwaa na watazamaji, na desturi ni kwamba lishushwe mbele ya macho ya watazamaji katika kila onyesho, ili waone kwamba linashuka. Mwenye kusema "shusha" ni yule aliyeketi pembeni na kifaa kichwani. Yeye pia ndiye mwenye haki ya kuusimamisha mchezo katikati ya sentensi ya mwigizaji maarufu kuliko wote, akiona boriti imelegea au akisikia harufu ya moshi.

Na mtu asidhani moto ni mambo ya Chicago tu. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine baadaye.

Nilimwambia binti: babako akiuliza tena habari ya kuvuta pazia, mweleze habari ya Chicago. Usimjibu kwa hasira. Mpe tarehe na hesabu ya watu.

Vyuo

Katika bahasha yake mlikuwa na majina makubwa. RADA ya London, iliyoanzishwa 1904. Guildhall, ya tangu 1880, ambayo mwaka 2013 ilifungua jumba jipya la Milton Court. Royal Central, ya tangu 1906. Chuo cha kifalme cha muziki na drama cha Wales, mjini Cardiff. Upande wa Marekani, Carnegie Mellon ya Pittsburgh, iliyoanza kutoa digrii ya drama mwaka 1914 kabla ya chuo kingine chochote nchini humo, na shule ya sanaa ya North Carolina mjini Winston-Salem, iliyofungua milango 1965. Alikuwa amezipanga kwa umaarufu, kama mtu apangavyo timu za kandanda.

Mimi nikazichanganya tena zote.

Tofauti ya kwanza si ya jina, ni ya namna ya kusoma. Uingereza digrii hii huchukua miaka 3, na karibu muda wote hutumika kwenye kazi yenyewe. Marekani ni miaka 4, na mwanafunzi husoma pia masomo mengine, historia, uandishi, pengine sayansi kidogo. Na huko Marekani kwenyewe kuna digrii za aina mbili. Moja ni ya ufundi hasa, ambamo unaingia ukiwa tayari umekata shauri. Nyingine ni ya elimu ya jumla, ambamo usimamizi wa jukwaa ni sehemu moja ya somo la sanaa za maonyesho. Kijana wa miaka 18 ambaye hajawahi kuona jumba lenye mitambo ya kupandisha mandhari asione aibu kuichagua hiyo ya pili. Lakini huyu wetu anajua atakalo, na kumpa miaka 4 mahali palipo na miaka 3 ni kumtia babake gharama ya mwaka mzima.

Tofauti ya pili haiandikwi kwenye vitabu vyao vyenye picha za kung'aa, nayo kwangu ndiyo kubwa. Ni maonyesho mangapi mwanafunzi atayaongoza yeye mwenyewe kabla ya kuhitimu? Kuna vyuo ambavyo mwanafunzi hubeba viti mwaka wa kwanza, hubeba viti mwaka wa pili, na mwaka wa tatu huketi kwenye ile meza mara moja. Kuna vyengine ambavyo huwa ameshaongoza mchezo wa maneno, mchezo wa muziki na opera. Jina la langoni linaweza kuwa moja, na mtu anayetoka akawa mbali na mwenziwe kama Lamu na Vanga. Kwa hiyo mwandikie mkuu wa kozi, muulize wazi. Uliza wanafunzi wangapi huchukuliwa kwa mwaka, maana wakiwa wengi meza ni ile ile moja. Uliza waalimu wangali wakifanya kazi katika majumba ya michezo au waliacha zamani. Omba upewe anwani ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kisha muulize yeye hayo hayo, ulinganishe majibu.

Chuo chenye shule ya muziki ndani yake, kama Guildhall au Cardiff, kina faida ambayo wengi hawaioni. Opera huongozwa kwa kufuata noti za muziki, si maneno, na msimamizi ajuaye kusoma noti hupata kazi ambazo mwenziwe hazipati. Binti huyu hajui noti hata moja. Nilimwambia aanze sasa. Pale Mji Mkongwe, Unguja, kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi ambacho hufundisha taarabu na noti pia, na si mbali hivyo.

Mahojiano ya vyuo hivi hayafanani na ya waigizaji. Hawatakutaka uimbe wala ulie. Watataka kuona kazi ulizofanya: daftari za mazoezi, michoro ya jukwaa, orodha za vifaa. Nikamuuliza yake yako wapi. Akasema, "Nilizitupa tulipohama." Nusura nilie mimi.

Basi ije habari ya kiwanja. Kwa mwanafunzi atokaye nje, karo ya vyuo vya London hupita pauni 20,000 kwa mwaka, na hapo hujala wala hujalala. Carnegie Mellon hupita dola 60,000. Zidisha kwa miaka, halafu zidisha kwa shilingi. Kiwanja cha Mtwapa hakitoshi, wala viwili.

Mlango mmoja uko wazi, nao uko mwisho wa njia. Chuo Kikuu cha Yale kina shule ya drama yenye kozi ya usimamizi wa jukwaa ya miaka 3, kwa wale ambao kwa kawaida wameshapata digrii ya kwanza. Mwaka 2021 tajiri David Geffen aliipa shule hiyo dola milioni 150, na tangu hapo haitozi karo. Wanaochukuliwa ni wachache sana. Lakini mlango ambao hauna bei ni afadhali ukaubisha kuliko ule ambao bei yake ni nyumba ya watu.

Kwa sababu hiyo shauri langu, ambalo mamake alilipenda na binti hakulipenda, ni kuanza hapa karibu. Bagamoyo kuna chuo kilichoanzishwa 1981, leo chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na ufundi wa jukwaa umekuwa miongoni mwa masomo yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Ndiko alikosoma Ebrahim Hussein, mtu wa pwani ya kusini, aliyetutolea Kinjeketile mwaka 1969 kisha akaenda Berlin kwa udaktari wake. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Hakuna hata kimoja ambacho mitambo yake inafanana na ya Milton Court, na sitamdanganya mtu. Ila mwanafunzi aliyesimamia mchezo wa Kiswahili mahali ambapo umeme hukatika katikati ya kilio cha mama mzazi, amejifunza jambo ambalo London halifundishwi.

Binti akasema, "Ami, hao wa London watanionaje nikitoka Bagamoyo?" Nikamwambia watauliza daftari. Wakiona daftari la mchezo mzima lililoandikwa vizuri hawatauliza limeandikiwa wapi.

Mamake alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza lake, na ndilo lililokuwa zito. "Na swala je? Kazi yenyewe ni ya usiku."

Nilikuwa nimelitazama. London mwezi wa Juni jua huzama kiasi cha saa 3 na dakika 20 usiku. Mchezo uko sehemu ya pili, na msimamizi hawezi kuiacha meza. Lakini hutoka kwenye saa 4, na Isha huwa bado. Desemba Magharibi huingia kabla ya saa 10, wakati ambao kwetu ni alasiri na watu hawajatoka kazini, naye huwa mazoezini, ataomba dakika zake kama wengine waombavyo za kuvuta sigara. Mwezi mgumu ni Septemba. Katikati ya mwezi huo jua huzama yapata saa 1:15, barabara baina ya mwito wa "robo" na mwito wa "dakika tano", wakati ambao hata kikohozi hakina nafasi. Mapumziko ya katikati ni dakika 15 au 20, na aghalabu huja kabla ya Isha kuingia. Mambo ya fiqhi nawaachia mashekhe. Ninachosema ni kwamba jambo hili laweza kupangwa, na mwenye kupanga ndiye yeye, maana ratiba ya jumba zima iko mkononi mwake. Tena alizungumze siku ya kwanza, asingoje Septemba imfike.

Kuhusu ulevi na makundi, nilimjibu mama kwamba msimamizi wa jukwaa ndiye mtu wa mwisho kutoka na wa kwanza kuingia, na asiyekuwa na kichwa kizima hadumu mwezi. Sijui kama alitosheka.

Na kazi? Hilo mzee aliliuliza mwenyewe nilipokwenda kumwona siku ya Ijumaa. Nikamtajia jumba la opera la kifalme la Muscat, lililofunguliwa 2011, na lile la Dubai, la 2016. Yeye ana nduguze Muscat tangu zamani, na hakujua kwamba mji ule una jumba la opera. Nikamtajia tamasha la filamu la Zanzibar, la tangu 1998, na Sauti za Busara, la tangu 2004, ambalo kwa miaka mingi lilifanyika Ngome Kongwe, bendi moja ikishuka na nyingine ikipanda usiku kucha. Nikamtajia na Little Theatre Club hapa hapa Mombasa. Akasikiliza, akazungusha kikombe.

"Hiyo ya Chicago," akasema, "aliniambia. Mia sita na mbili?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na pazia lilikwama kwa nini?"

Nikamweleza nilivyojua. Akauliza kama pazia hilo lilikuwa likijaribiwa kila siku, kama wao walivyokuwa wakijaribu pampu zote bandarini alipokuwa kazini. Nikamwambia ni baada ya misiba kama hiyo ndipo sheria zikakazwa. Akanyamaza kitambo. Halafu akamwita bintiye alete ile bahasha, akatoa karatasi za London na Pittsburgh akaziweka upande, akauliza basi la Tanga huondoka saa ngapi.

Kiwanja hakijauzwa. Binti ameanza daftari jipya, na harusi ya binamuye mwezi ujao ameipanga dakika kwa dakika, pamoja na jina la mtu atakayesimama mlangoni.